Mwamba Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kufuga Matumbawe Nyumbani

Utotoni Tanga, bamvua likipwa tulikuwa tunawafuata kina mama hadi mwambani. Wao walichokoa pweza, sisi tulirukaruka juu ya mawe tukitafuta kauri na viti vya pweza. Kila hatua kitu kilikatika chini ya ndara. Hakuna aliyetuambia kwamba mawe yale ni wanyama. Nilikuja kulijua hilo ukubwani, huku Birmingham, mbali na bahari, siku niliponunua tumbawe langu la kwanza lenye ukubwa wa kidole gumba. Nililigusa likajifunga, na halikufunguka hadi kesho yake mchana.

Tumbawe ni kundi la polipi, yaani vijinyama vyenye mdomo mmoja uliozungukwa na mikono midogo. Ndani ya nyama yake huishi mwani wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumlisha mwenye nyumba. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, sehemu kubwa ya chakula hutoka kwa wapangaji hao. Maji yakipata joto kupita kiasi, wapangaji hufukuzwa na tumbawe hubaki jeupe. Ndicho kilichoikumba miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Kwenye tangi la nyumbani jambo hilohilo linaweza kutokea kwa wikiendi moja, kwa kosa la hita ya bei rahisi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, ujue unachokwenda kufuga ni maji. Wanyama watajitunza wenyewe ikiwa maji yana chumvi ileile, joto lilelile na madini yaleyale leo, kesho na mwezi ujao. Bahari ni kubwa mno kubadilika kwa usiku mmoja. Tangi lako ni dogo, nalo hubadilika ukiwa umelala.

Tangi na mahali pa kuliweka

Wageni wengi huanza na tangi dogo wakidhani ni rahisi. Ni kinyume chake. Katika lita 40, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe maji yote yameharibika kabla hujarudi kutoka kazini. Anza na lita 150 hadi 200. Langu lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50, yaani lita 200 kamili. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, maji halisi ni kama lita 180.

Piga hesabu ya uzito. Maji peke yake ni karibu kilo 180. Ongeza kioo, mawe na kabati, unakaribia kilo 280 katika eneo dogo kuliko meza ya kulia. Kama unaishi ghorofani, liweke kando ya ukuta, hasa ukuta unaobeba nyumba ukiweza kuujua, usiliweke katikati ya chumba. Kabati liwe limetengenezwa kwa kazi hiyo. Meza ya televisheni hupinda, na kioo kikipinda hupasuka. Tumia pimamaji kuhakikisha pamelala sawa. Mbali na dirisha la jua, mbali na kipasha joto cha chumba, karibu na umeme, na karibu na sinki kuliko unavyodhani, kwa sababu ndoo utazibeba kila wiki.

Wengine huongeza tangi la pili chini ndani ya kabati, sampu, ambamo vifaa vyote hujificha na maji huzunguka juu na chini. Ni zuri sana, lakini kwa anayeanza si lazima. Mimi nilikaa mwaka mzima bila sampu.

Vifaa, na wapi usibane matumizi

Taa ndiyo itakula pesa kuliko tangi lenyewe, na hapo usibane. Matumbawe yanahitaji mwanga wenye buluu nyingi, wa mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 480, kwa sababu ndio unaopenya baharini na ndio mwani wao wanaoutumia. LED zilizotengenezwa kwa matumbawe zinatosha. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani wanaweza kuutumia: matumbawe laini hutaka 50 hadi 150, yale magumu ya matawi 200 hadi 350. Duka zuri litakukodisha kipimo cha PAR kwa siku mbili. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha, na uziweke kwenye swichi ya saa. Kosa la kawaida ni kuwasha taa mpya kwa nguvu zote. Anza na asilimia 35 hivi, pandisha kidogokidogo kwa wiki.

Pili ni mwendo wa maji. Tumbawe halitembei, basi chakula na hewa lazima vilifuate, na uchafu wake lazima uondolewe. Kwa matumbawe laini pampu za mawimbi zizungushe ujazo wa tangi mara 15 hadi 20 kwa saa, yaani lita 3,000 hadi 4,000 kwa tangi kama langu. Nunua pampu mbili ndogo zitazamane kwenye kona badala ya moja kubwa. Mkondo unaopiga tumbawe moja kwa moja huchubua nyama. Unaotaka ni maji yanayogongana na kuvurugika, kama mlango wa ghuba maji yanapogeuka.

Tatu, skima. Umeshaona povu la manjano linalobaki ufukweni wakati wa kusi? Hilo ni uchafu wa viumbe ulioshikwa na viputo vya hewa. Skima inafanya kazi hiyohiyo ndani ya bomba: inasaga hewa kuwa viputo vidogo, uchafu unaganda juu yake, povu linapanda na kumwagikia kwenye kikombe. Ukikinusa kikombe hicho siku ya tatu utaelewa kilichokuwa ndani ya maji.

Kuhusu joto, lenga nyuzi 25 hadi 26. Katika nchi za baridi nunua hita mbili za wati 100 badala ya moja ya wati 200. Hita zinapokufa mara nyingi hukwama zikiwa zimewaka. Ikikwama ndogo, haina nguvu ya kuchemsha tangi zima kabla hujaamka. Zote mbili zipitie kwenye kidhibiti joto cha nje.

Halafu umeme. Maji ya chumvi hutambaa kwenye waya na kuacha ukoko mweupe. Kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na soketi iwe na kikatio kinachozima umeme unapovuja. Hapa sina mzaha: una mikono miwili ndani ya chumvi karibu kila siku.

Maji

Usitumie maji ya bomba. Yana klorini, fosfati, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono wote. Utahitaji chujio la osmosisi lenye hatua ya mwisho ya resini, linalotoa maji yasiyo na kitu. Kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kionyeshe 0. Kikianza kusoma 2 au 3, badilisha resini.

Kisha chumvi ya matangi, siyo ya jikoni. Inayouzwa kwa kazi hii ina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ya bahari kwa uwiano wake. Kwa kukadiria ni gramu 36 kwa lita, kwa hiyo lita 200 zitameza kilo 7 na kitu. Weka maji kwenye pipa safi, washa pampu na hita, mimina chumvi polepole ndani ya maji. Ukifanya kinyume, maji juu ya chumvi, madini huganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka. Acha yazunguke usiku kucha. Kamwe usikorogee chumvi ndani ya tangi lenye mnyama.

Pima kwa rifraktomita hadi upate sehemu 35 kwa elfu, au uzito linganishi wa 1.026. Na rifraktomita yenyewe uisawazishe kwa maji maalumu ya 35, siyo kwa maji matupu, kwani inaweza kusoma 0 vizuri na bado ikakudanganya juu.

Sasa jambo linalowaponza wengi. Maji yanapokauka, chumvi haiendi nayo. Tangi langu hupoteza lita 3 kwa siku wakati wa baridi nyumba ikipashwa joto. Ukikaa wiki bila kuongeza, lita 180 zimekuwa 159 na chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 40. Kwa hiyo kila siku unarudisha maji matupu, yasiyo na chumvi, hadi kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Kuna mashine ndogo ya kufanya hivyo yenyewe. Inunue kabla ya skima kama pesa hazitoshi.

Niliijua thamani yake kwa gharama. Nilikwenda nyumbani wiki mbili kwenye harusi, nikamwachia rafiki ninayeishi naye ndoo mbili za buluu zinazofanana, moja ya maji matupu na moja ya chumvi kwa dharura. Alijaza kila siku kwa uaminifu mkubwa, kutoka ndoo isiyo yake, na ilipoisha akakoroga nyingine akidhani ndivyo inavyotakiwa. Niliporudi rifraktomita ilisoma 43. Tumbawe langu la Euphyllia, lililokuwa limefikia ukubwa wa ngumi, lilikuwa limebaki mifupa. Sikumlaumu, ndoo zilifanana. Siku hizi ya chumvi ni nyekundu, na imeandikwa kwa wino usiofutika.

Mawe, mchanga, na kusubiri

Mnamo mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyokuwa akifuga viumbe vya bahari kwa kutumia mawe hai ya mwambani na viputo vya hewa tu. Siri yake ilikuwa ndani ya mawe: matundu yake yamejaa bakteria wanaokula sumu. Leo tunafanya vilevile, ila wengi wetu tunaanza na mawe makavu na kuwapa bakteria nafasi ya kuhamia.

Kilo 12 hadi 15 za mawe zinatosha lita 200. Yapange kabla ya kutia maji, moja kwa moja kwenye kioo cha chini juu ya karatasi laini ya plastiki, kisha mchanga uzunguke. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba au samaki atachimba na mnara utaanguka. Gundisha kwa saruji ya matangi. Acha mapango na njia za maji, acha sentimita 10 kila upande ili mkono wenye sifongo upite, na usijenge ukuta. Ukuta wa mawe ni kosa la kila mtu wa kwanza, mimi nikiwemo. Mchanga wa aragonaiti wa kina cha sentimita 2 au 3 unatosha.

Mimina maji, washa pampu na hita, lakini taa bado. Sasa unawaalika bakteria. Tia bakteria wa chupa, kisha amonia safi hadi ipime miligramu 2 kwa lita. Kundi la kwanza litaigeuza amonia kuwa nitriti, la pili litaigeuza nitriti kuwa nitrati. Pima kila baada ya siku mbili. Siku utakapotia amonia miligramu 2 na kesho yake ukapima amonia 0 na nitriti 0, tangi limekomaa kwa kiasi cha kupokea mnyama wa kwanza. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Badilisha robo ya maji, washa taa.

Kisha utakuja ubaya. Kwanza unga wa kahawia juu ya kila kitu, hao ni diatomu, aina ya mwani wadogo sana. Baadaye nyuzi za kijani zenye urefu wa nywele. Utataka kumwaga dawa. Usimwage. Ng'oa kwa mkono, fyonza unapobadilisha maji, na lete wafagiaji: konokono 8 hadi 10 wa aina ya Trochus au Turbo, na kaa wachache wanaoishi ndani ya makome. Wape kaa makome matupu ya ziada, la sivyo watamuua konokono wapate nyumba yake. Ubaya huu unaweza kuchukua miezi mitatu hata minne.

Matumbawe ya kwanza, na ya kuogopa

Anza na laini. Uyoga wa Discosoma hauna makuu, hustahimili makosa. Sarcophyton, lenye umbo kama kofia ya ngozi, hujifunga siku kadhaa na kuvua gamba jembamba. Wageni hudhani linakufa, kumbe linaoga. Briareum yenye polipi za kijani inameta kama zulia, lakini iweke juu ya jiwe lililojitenga, kwa kuwa ikishika mwamba mkuu itaumeza wote. Xenia, inayofumba na kufumbua mikono mchana kutwa, ndivyo ilivyo pia.

Baada ya miezi sita hivi ya vipimo vilivyotulia, lete yenye mifupa na polipi kubwa: Caulastraea, Blastomussa, kisha Euphyllia. Acha nafasi ya sentimita 15 kuzunguka Euphyllia, kwani usiku hutoa mikono mirefu na kumchoma jirani. Matawi ya Montipora na Acropora subiri hadi mwaka upite. Acropora ndiyo ile tuliyokuwa tunaikanyaga Tanga, na ndiyo ngumu kuliko zote kuifuga. Hilo bado linanishangaza.

Zoanthus na Palythoa nizitaje peke yake. Ni nzuri, zina rangi za kanga, ni rahisi, na baadhi yake zina palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa za viumbe hai. Vaa glavu na miwani kila unapozigusa. Usizikate ukiwa na kidonda. Na kamwe usichemshe jiwe lililowahi kuwa nazo, wala usilisugue kwa maji ya moto: mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini, na mbwa wao.

Kila tumbawe jipya lichovye kwenye dawa ya kuchovyea matumbawe kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, katika ndoo ya maji ya tangi yatakayomwagwa. Litikise. Utashangaa minyoo bapa inayodondoka. Kisha ng'oa kigingi lilichogundishiwa dukani, kitupe, na uligundishe kwenye kipya; mayai ya wadudu hujificha chini yake. Chunguza pia anemoni, ndugu wa tumbawe asiye na mfupa, ndogo ya kahawia inayoitwa Aiptasia. Moja ikiingia, baada ya miezi unazo mia, na ukiikata kila kipande kinakuwa nyingine. Kamba wa Lysmata wurdemanni huzila.

Weka tumbawe jipya chini kwenye mchanga wiki mbili, kisha lipandishe taratibu. Usilihamishe kila siku. Likiwa limefunguka na rangi imeshika, liache.

Samaki na kamba

Samaki ni wachache kuliko unavyotaka. Lita 200 zitoshe samaki wadogo wanne au watano. Jozi ya samaki anemoni, Amphiprion ocellaris, waliozaliwa kwenye matangi, ni mwanzo mzuri, na hawahitaji anemoni. Wote huzaliwa madume. Mkubwa wao ndiye hugeuka jike, akifa dume lake hushika nafasi. Usiwanunulie anemoni mwaka wa kwanza. Anemoni hutembea, na akitembea huingia kwenye pampu.

Kangaja wa buluu wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, watu wa pwani mnamjua, atakuita dukani kwa jina lako. Mwache. Anataka tangi la mita mbili, na ndiye wa kwanza kushikwa na madoa meupe. Kitatange wengi nao wana ubaya wao: chakula chao ni polipi zilezile unazozinunua kwa bei.

Madoa meupe ni kimelea, Cryptocaryon irritans. Kikiingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kukitibu humo, kwa sababu dawa yake ni shaba. Unachoweza ni kutoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki 11 hivi, kimelea kife kwa njaa. Kwa hiyo kila samaki akae kwanza wiki 4 kwenye tangi dogo la karantini lisilo na mawe wala mchanga, lenye bomba la kujificha. Najua utaruka hatua hii. Mimi niliruka.

Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, ni rafiki mwema. Atakuja kukusafisha kucha ukitia mkono. Kamba na konokono hawapendi mabadiliko ya ghafla ya chumvi, basi waingize kwa tone: mrija mwembamba wenye fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, kwa saa nzima. Maji ya mfuko wa duka usiyamwage ndani ya tangi.

Vipimo, na chokaa ya babu

Nalenga namba hizi: ualkali, yaani kiasi cha kaboneti majini ambacho hupimwa kwa dKH, 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1,300, nitrati 2 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1, pH kati ya 8.0 na 8.4. Usikimbilie nitrati na fosfati kuwa sifuri kabisa. Maji yasiyo na nitrati wala fosfati huyafifisha matumbawe na kuita mwani mbaya zaidi. Kati ya zote, ualkali ndio wa kupima mara kwa mara, kwa saa ileile, kwa kuwa ndio unaoshuka haraka tumbawe linapojenga mfupa.

Tangi la matumbawe laini hutosheka na kubadilishiwa maji asilimia 10 kwa wiki. Lakini ukiwa na yenye mifupa, pima Jumatatu na Alhamisi. Ikiwa ualkali wa 8.6 umekuwa 8.0, tangi linakula 0.2 kwa siku, na hicho ndicho unachotakiwa kurudisha kila siku. Usipandishe zaidi ya 1 dKH kwa siku hata kama umekuta imeshuka mno.

Njia ya zamani na rahisi ya kurudisha ni maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa. Babu yangu alichoma matumbawe kwenye tanuu la magogo apate chokaa ya kujengea, kama walivyofanya wajenzi wa Kilwa na Gedi. Mjukuu anatia chokaa majini apate matumbawe. Moto huifukuza hewa ya kaboni kwenye jiwe, maji huifanya chokaa ya maji, na tumbawe huirudishia kaboni yake ikawa jiwe tena. Tofauti ni usafi: nunua hidroksidi ya kalsiamu safi ya daraja la chakula. Ya ujenzi ina uchafu utakaoua.

Changanya gramu 2 kwa lita ya maji ya osmosisi, tikisa, acha itulie, na tumia maji ya juu yaliyo angavu. Lita moja ya maji hayo katika lita 180 hupandisha ualkali kwa takriban 0.6, na kalsiamu huja nayo kwa uwiano wake. Kwa tangi linalokula 0.2, theluthi ya lita kwa siku inatosha. Yatie kwa tone, usiku, sehemu yenye mkondo mkali. pH yake ni zaidi ya 12, inaunguza macho, na ukiyamimina kwa mkupuo utaua tangi.

Kwa walio nyumbani pwani, na kwa walio Ghuba

Ninyi adui yenu ni joto. Binamu yangu Maskati amenunua mashine ya kupoza maji kabla hajanunua samaki, na amefanya vyema. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3 kwa kukausha maji, lakini Mombasa au Dar mwezi wa tatu hewa imejaa unyevu kiasi kwamba maji hayakauki vizuri, na feni inakuwa kelele tu. Punguza saa za taa, ziwake usiku, toa kifuniko, na hesabu gharama ya kipoza maji tangu mwanzo. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni ya lazima, na kama hakuna, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kila dakika chache.

Maji mna ya bure. Yachoteni bamvua lilipojaa, mbali na bandari na mdomo wa mto, kamwe si wakati wa masika. Yachujeni kwa kitambaa kizito, yakae gizani wiki mbili kwenye mapipa, kisha pimeni chumvi, nitrati na fosfati kabla ya kutumia.

Ila matumbawe msiyang'oe. Ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu, Kisite na Chumbe hata kome halitoki, na nje yake kuna sheria za uvuvi. Matumbawe yote magumu, yawe hai au mifupa mikavu, yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na makombe makubwa ya Tridacna na farasi wa baharini. Kuvuka nayo mpaka bila kibali ni kosa, hata lile ulilookota ufukweni na kulifunga kwenye kanga. Nunua vipande vilivyooteshwa kwenye matangi, na muuzaji wa ng'ambo akuonyeshe kibali.

Wiki ya kawaida, na wembe

Asubuhi natazama joto na kuhesabu samaki. Jioni nawalisha kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Jumamosi napima, nafuta kioo, nafyonza mchanga, nabadilisha lita 18 za maji yenye joto na chumvi ileile. Kila miezi mitatu pampu zinalala kwenye siki saa kadhaa chokaa iyeyuke. Yote ni saa moja na nusu kwa wiki. Nimeweka daftari, na daftari hilo limeniokoa kuliko kifaa chochote, maana namba moja haisemi kitu lakini namba kumi mfululizo zinaonyesha jambo linakuja.

Sarcophyton langu lilipofikia upana wa sahani, lilianza kuwanyima mwanga wa chini. Nilivaa glavu na miwani, nikalitoa, nikakata ukingo wa kofia kwa wembe mpya, vipande vinne, nikavisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi. Kila kipande nikakishikiza kwenye kijiwe kwa kitambaa cha wavu na mpira, gundi haishiki kwenye ute wake. Mama yake alijikunja wiki nzima, akanuka, kisha akafunguka kama hakuna kilichotokea. Baada ya wiki tatu vipande vilikuwa vimeshika mawe. Viwili nimewapa watu wa mtaani, kimoja kimebaki kwangu kama akiba, na cha nne kipo kwa yule rafiki wa ndoo za buluu, kwenye tangi lake la lita 150, chini ya karatasi kubwa iliyoandikwa MAJI MATUPU.